Kunyanyua chuma kwa kasi: hatari haiko pale tunapoitafuta

Ukikaa jioni kwenye kijiwe chochote cha chuma Mtwara mjini, iwe Chuno, Magomeni au Shangani, ubishi wa kasi hautachelewa kuibuka. Huyu atakwambia chuma kipandishwe kwa nguvu zote, kama vile unataka kukirusha, ndipo mwili unapojenga nguvu. Yule atatikisa kichwa: hayo ni mambo ya kujitakia kuvunjika mgongo, chuma kinapandishwa taratibu, kwa kuhesabu. Kila mmoja ana jamaa yake aliyeumia wa kumtolea mfano. Lindi ni hivyo hivyo.

Ubishi huu ni wa zamani na haukuanzia kwetu. Huko Marekani, Arthur Jones, mwanzilishi wa mashine za mazoezi za Nautilus, alihubiri kwa miaka mingi kwamba kunyanyua kwa kasi ni kujitafutia majeraha. Miaka ya 1980 Ken Hutchins akaenda mbali zaidi, akaja na mtindo wa kupandisha chuma kwa sekunde kumi nzima. Upande wa pili walikuwepo makocha wa Urusi ya Kisovieti na waliojifunza kwao, ambao kwao mnyanyuaji asiye na kasi hajakamilika. Vijana wetu wamezipata hoja zote mbili kwenye simu, zimekatwakatwa kuwa video za nusu dakika, na hakuna video inayosema wazi inazungumzia unyanyuaji upi. Hapo ndipo watu wanapopotezana, kwa sababu mambo manne tofauti yametiwa kapu moja.

La kwanza ni mchezo wa Olimpiki wa kunyanyua vitu vizito. Una mitindo miwili. Kwenye snachi, chuma kinatoka sakafuni mpaka juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja. Kwenye klini-na-jeki kinafika kwanza mabegani, hiyo ndiyo klini, mnyanyuaji anajipanga, kisha anakisukuma juu, hiyo ndiyo jeki. Zamani kulikuwa na mtindo wa tatu wa kusukuma chuma juu kwa mikono pekee bila kutumia miguu, lakini baada ya Michezo ya Munich ya 1972 uliondolewa, kwa kuwa waamuzi walishindwa kuusimamia na wanyanyuaji walikuwa wakipinda migongo nyuma kupita kiasi. Mitindo hii miwili iliyobaki haiwezekani bila kasi. Hakuna binadamu anayeweza kufanya snachi ya uzani mkubwa polepole.

La pili ni pawalifti. Shirikisho lake la kimataifa, IPF, lilianzishwa mwaka 1972, na mitindo yake ni mitatu: skwati (kuchuchumaa na kusimama chuma kikiwa mabegani), benchi (kulala chali na kusukuma chuma kutoka kifuani) na dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni mpaka usimame wima). Kila mshindani ana majaribio matatu kwa kila mtindo, na uzani wake bora kwenye kila mmoja unajumlishwa. Hapa hakuna chuma kinachorushwa. Mtazame mnyanyuaji kwenye jaribio lake la mwisho la benchi: chuma kinapanda kwa kasi ya sentimita kumi na sita hivi kwa sekunde, pengine chini ya hapo, uso umevimba, wasaidizi wamesogea. Mtafiti wa Marekani John Garhammer alipopima kazi inayofanywa kwa sekunde, alikuta mwanamume wa kilo 100 akifanya dedilifti nzito anatoa wati 1,100 hivi, ilhali mwenye uzito kama huo akiwa kwenye sehemu ya pili ya mvuto wa klini, pale chuma kinapopita mapaja, anafika wati 5,500 hivi. Hiyo ni karibu mara tano. Kwa hiyo mtu anayesema pawalifti ni mchezo wa kasi na anayesema ni mchezo wa polepole wote wana haki ya kushangaana.

La tatu ni mazoezi ya kasi anayoyafanya mnyanyuaji wa pawalifti kwa makusudi, kwa uzani mwepesi, ili awe na nguvu zaidi siku ya uzani mzito. La nne ni uholela tu: kujiachia kwenye skwati mpaka chini na kuruka juu, kudundisha chuma kifuani, kukinyakua chuma sakafuni kama mtu anayeng'oa mhogo uliokwama. Hili la nne ndilo linaloumiza watu vijiweni, halafu lawama zinaangukia yale matatu ya kwanza.

Ili kuona kwa nini, inabidi tuhesabu kidogo. Chukua chuma cha kilo 100. Kikiwa kimetulia mikononi, kinakuvuta kwa uzito wa kilo 100, basi. Ukitaka kitoke kwenye utulivu kifike kasi ya mita moja kwa sekunde ndani ya robo sekunde, utatoa nguvu ya ziada inayolingana na kilo 40 hivi. Basi kwa hiyo robo sekunde mwili unabeba kama kilo 140. Ni nyingi, lakini ni za mtu anayeweza kunyanyua kilo 140. Sasa geuza. Chuma hichohicho kinashuka kwa kasi ya mita moja na nusu kwa sekunde, nawe unakisimamisha ghafla, ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hapo mwili unapokea kama kilo 250. Sahani hazijaongezwa hata moja, na mtu huyo hajawahi kunyanyua kilo 250 maishani mwake.

Na hesabu hiyo bado haijasema jambo kubwa kuliko yote. Chuma kinapopanda, kinachokipandisha ni misuli yako mwenyewe, na misuli ina kikomo chake. Mwingereza A. V. Hill alionyesha mwaka 1938 kwamba kadiri msuli unavyojikunja kwa kasi, ndivyo nguvu unayoweza kutoa inavyopungua. Maana yake, kwenye safari ya kupanda kuna breki ya asili: huwezi kuupa mwili wako mzigo unaozidi ule ambao misuli yako inaweza kuutoa. Kwenye safari ya kushuka breki hiyo haipo. Mzigo unaamuliwa na kasi ya chuma na umbali uliobaki wa kukisimamishia. Msuli unaovutwa huku ukipinga unaweza kuhimili zaidi ya ule unaonyanyua, hiyo ni kweli, lakini ukishazidiwa, kinachobaki kubeba ni kano zinazoshikiza msuli kwenye mfupa, ligamenti zinazofunga mfupa na mfupa, na vile visahani laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo. Hivyo havina namna ya kukataa mzigo isipokuwa kuchanika.

Msimu wa korosho, nenda kwenye ghala lolote la chama cha msingi uwatazame wapakiaji. Gunia linakaribia kilo 80. Wawili wanashika pembe, wanalibembeza mara moja, mbili, na la tatu linakwenda juu, huku mwenzao ameinama ameweka bega tayari. Hakuna anayejaribu kulipandisha polepole, wangechoka kabla ya gunia la kumi. Na ukiwaangalia vizuri, wasiwasi wao hauko kwa wanaorusha. Macho yako kwa anayepokea: magoti yamekunjwa kidogo? Bega limeshafika chini ya gunia kabla halijaanza kushuka? Mguu mmoja umetangulia? Akipokea gunia likiwa bado linapanda au limetulia, anaondoka nalo kama mto wa kulalia. Akichelewa likaanza kudondoka, ni kilio. Hawa jamaa hawajasoma fizikia, lakini hukumu yao ndiyo hiyohiyo.

Kuna tukio moja maarufu katika tiba ya michezo linaloonyesha jambo hili kwa ukali. Mwaka 1977 Zernicke, Garhammer na Jobe walichapisha uchambuzi wa mnyanyuaji aliyekatika kano ya goti, ile iliyo chini ya kilegesambwa, akiwa mbele ya kamera. Alikuwa kwenye jeki, uzani kilo 175. Picha ziliwawezesha kukokotoa mvuto uliokuwa kwenye kano wakati inakatika: zaidi ya mara 17 ya uzito wa mwili wake. Ilikatika lini? Haikuwa wakati anasukuma juu. Ilikuwa pale alipokuwa amejishusha kidogo ili apate msukumo, akawa anasimamisha mteremko ageuke kwenda juu. Mwanamichezo mwenye kano imara, aliyefundishwa, aliumia kwenye kona ya kugeuza.

Sasa je, takwimu zinasemaje kuhusu michezo yenyewe? Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la British Journal of Sports Medicine, yakiongozwa na Ulrika Aasa wa Sweden, yalikuta majeraha kati ya 2.4 na 3.3 kwa kila saa 1,000 za mazoezi kwa wanyanyuaji wa Olimpiki, na kati ya 1.0 na 4.4 kwa wa pawalifti. Soma tena hizo namba. Mchezo wa kasi kubwa na mchezo wa chuma kinachotambaa vinaumiza kwa kiwango kinacholingana. Hata mahali panafanana: kwenye michezo yote miwili yanayoumia zaidi ni mgongo, mabega na magoti. Kama kasi yenyewe ndiyo ingekuwa sumu, pengo lingeonekana. Ila tukumbuke, namba hizi ni za watu wenye makocha, vyuma vya kiwango na sakafu maalumu. Nitarudi kwenye hilo, maana kwetu ndiko kwenye tofauti kubwa.

Basi kama pawalifti inashindaniwa polepole, kwa nini mtu ahangaike na kasi? Kwa sababu uzani mzito unaonekana kwenda polepole kwa nje tu. Ndani, mnyanyuaji anasukuma kwa haraka iwezekanavyo, chuma ndicho kinachokataa. Mwaka 1993 David Behm na Digby Sale walifanya jaribio zuri sana: watu walifanya mazoezi ya kifundo cha mguu, upande mmoja mguu ukiruhusiwa kusogea kwa kasi, upande mwingine umefungwa usisogee kabisa, lakini pande zote mbili waliambiwa wasukume kwa kasi yote. Pande zote mbili zikaboreka kwa namna ileile ya kasi. Mwili ulijifunza kutokana na ile nia ya kusukuma haraka, hata pale ambapo hakuna kilichosogea. Ubongo unapoagiza kasi, unaziamsha nyuzi kubwa za msuli mapema na kwa mapigo ya haraka, na hizo ndizo unazozihitaji kilo ya mwisho inapokaa mabegani.

Watafiti wa Hispania wakiongozwa na Juan José González-Badillo waliligusa swali hilo moja kwa moja kwenye benchi. Kundi moja lilipandisha kila rudio kwa kasi yote, jingine kwa nusu ya kasi hiyo, uzani ukiwa wa kiwango kilekile. Baada ya wiki sita, kundi la kasi lilikuwa limeongeza uzani wa juu zaidi kwa wazi kabisa. Na mabingwa walishalijua hilo kwa njia yao. Fred Hatfield, Mmarekani aliyepiga skwati ya pauni 1,014, yaani kilo 460, mwaka 1987, alifundisha kwamba kila chuma, hata chepesi, kiongezewe kasi njia nzima ya kupanda. Louie Simmons, aliyekuwa na jimu yake Columbus, Ohio, mpaka alipofariki mwaka 2022, aliwatengea watu wake siku nzima za kasi kila wiki, wakitumia nusu tu ya uwezo wao. Wote wawili walikuwa watu wa pawalifti. Hawakuhitaji snachi kuwa na kasi.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo, na nausema bila kuzungukazunguka: kwenye vijiwe vyetu, kasi ya kupandisha skwati, benchi na dedilifti nyepesi ni salama na ina faida, lakini snachi na klini zisubiri. Sababu haiko kwenye mitindo hiyo. Iko kwenye vyuma vyetu.

Wengi wetu tunanyanyulia saruji. Mfuko mmoja wa kilo 50, kokoto kidogo, ndoo ya rangi ya lita 20 iliyokatwa ikawa kalibu, bomba la maji au ekseli iliyotolewa gereji, na kijiwe kimezaliwa. Nina heshima kubwa na ubunifu huo, umewajenga vijana wengi kusini. Lakini kila kipande cha chuma hicho kinabadilisha hesabu.

Anza na upana. Sahani ya kiwango ina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma kikiwa sakafuni kinakaa sentimita 22.5 juu. Sahani iliyomiminwa kwenye ndoo ina kipenyo cha kama sentimita 30, chuma kinakaa sentimita 15 tu. Hizo sentimita saba na nusu zinamlazimisha mtu wa dedilifti kuinama zaidi ya anavyoinama bingwa wa dunia, na kwa wengi ndipo mgongo wa chini unapopinda. Dawa yake ni rahisi kuliko zote: weka tofali au kipande cha mbao chini ya kila upande mpaka chuma kifike katikati ya muundi. Halafu unene. Saruji ya kilo 20 kwa kipenyo hicho inakuwa nene kama sentimita 12, mbili kila upande ni karibu robo mita, mzigo unakaa mbali na mikono na bomba linapinda kwa chini likabaki limepinda. Tena sahani mbili zilizotoka ndoo moja hazilingani, kwa sababu ya kokoto na maji. Zipelekeni kwenye mizani ya duka la nafaka, ziandikwe uzito wake kwa rangi. Upande mmoja ukizidi kwa kilo tatu, ukipandisha kwa kasi mwili unazunguka, na uti wa mgongo uliobeba mzigo haupendi kuzungushwa.

Jambo la mwisho ndilo linalozuia snachi. Chuma cha Olimpiki, chenye kilo 20 kwa wanaume na 15 kwa wanawake, kina ncha zinazozunguka zenyewe. Mnyanyuaji anapogeuza viganja chini ya chuma, sahani zinabaki zilivyo. Bomba lililofungwa saruji kwa waya halina hilo. Ukigeuza viganja unalazimika kuzizungusha sahani zote pamoja, na ukisimama, zenyewe zinataka kuendelea kuzunguka, vifundo vya mikono na viwiko vinalipa. Halafu mtu wa Olimpiki akikosea anaachia tu, sahani za mpira zinadunda sakafuni. Kwetu kuachia saruji kutoka juu ya kichwa ni kuvunja mali ya kijiwe, na kila mtu analijua hilo, kwa hiyo anayekosea anajaribu kukiokoa chuma. Kukiokoa chuma kinachoanguka ndiyo ile kona ya kugeuza tuliyoiona, tena bila mpangilio wowote. Anayetaka mlipuko wa mwili bila vyuma vya kiwango ana njia nyingine: kuruka juu ya boksi imara, kurusha mfuko wa mchanga, mbio fupi kwenye mchanga wa ufukweni Shangani au Lindi. Mchanga unapokea mguu kwa upole kuliko lami.

Tuje kwenye namna ya kufanya. Dedilifti naiweka mbele kwa sababu ndiyo inayoharibiwa zaidi na watu wanaodhani wanafanya kasi. Kijana anainama, mikono imelegea, anahesabu mbili tatu, anakinyakua chuma kwa kiuno kikitangulia. Kwa sehemu ndogo ya sekunde mwili unakwenda peke yake, chuma bado kimelala, kisha ulegevu wote unaisha kwa mpigo na kilo zote zinafika mgongoni zikiwa zimeshika kasi. Kama ameshika kiganja kimoja kikitazama mbele na kingine nyuma, ule mkono uliotazamisha kiganja mbele uko hatarini zaidi. Kiwiko kilichokunjwa kidogo kinanyooshwa kwa nguvu, na kano ya baisepsi, ule msuli wa mbele wa mkono wa juu, inaweza kung'oka pale inapojishikiza chini ya kiwiko. Kuna mzee mmoja wa chuma Magomeni ambaye hachoki kuwaambia wadogo zake, "Tega kwanza, mdogo wangu, ndipo uvute." Kutega ndiyo kazi yenyewe. Nyoosha viwiko kabisa, kaza makwapa kama umebana gazeti, vuta chuma kidogo kidogo mpaka kigande na sahani bila kuondoka sakafuni. Kwenye sahani za chuma utasikia mlio mdogo, tik. Saruji haina mlio, kwa hiyo sikiliza mikono: imekuwa kamba zilizokazwa? Basi sukuma ardhi kwa miguu, kwa kasi yote uliyonayo. Hiyo kasi haitakudhuru, kwa sababu hakuna ulegevu uliobaki wa kukushtukiza.

Skwati, shuka kwa sekunde mbili hivi ukiwa na mamlaka juu ya chuma, geuka bila kudunda, panda kwa hasira. Ukitaka kuhakikisha kwamba unatawala, simama nukta moja pale chini kabla ya kupanda. Usiposimama vizuri, uzani ni mkubwa kwako kwa mazoezi ya kasi.

Benchi, sheria za IPF zimetufanyia kazi nusu: chuma lazima kitulie kifuani mpaka mwamuzi aamuru, na dole gumba lazima lizunguke chuma. Fanya hivyohivyo kijiweni. Kutulia kunaua kudunda, na dole gumba linazuia chuma kuteleza kuelekea shingoni. Lakini zaidi ya yote, usilale benchi peke yako. Kwenye jimu yenye vyuma vya kiwango, aliye peke yake hafungi vibanio vya kushikilia sahani, ili akizidiwa ainamishe upande mmoja sahani zimwagike. Saruji iliyofungwa kwa waya haimwagiki. Watu wamekufa chini ya benchi sehemu nyingi duniani, na mara nyingi hapakuwa na mtu wa kuwashikia.

Uzani wa siku ya kasi uwe asilimia 50 hadi 60 ya uwezo wako. Anayepiga skwati ya kilo 120 ana kati ya 60 na 72 za kuchezea. Marudio mawili au matatu, pumziko la dakika moja hivi, mizunguko sita mpaka minane, tena mwanzoni mwa mazoezi ukishapasha mwili vizuri, kabla hujachoka. Mwenzako akurekodi kwa simu. Rudio likianza kuonekana zito kuliko la kwanza, acha hapo. Jaribio jingine la Wahispania, la mwaka 2017, lililinganisha wanaoacha kasi ikishuka kwa asilimia 20 na wanaojikokota mpaka ishuke kwa 40. Nguvu ya skwati iliongezeka kwa kiwango cha karibu kulingana, na walioacha mapema wakawa bora zaidi kwenye kuruka, ingawa walifanya marudio machache kwa mbali. Kwa anayeanza kabisa, haya yote yangoje miezi kadhaa ya kujifunza kushuka na kupanda kwa utulivu. Kijana wa sekondari anaweza kufanya pawalifti vizuri tu, ila awe na mtu mzima anayejua, na asisogee kwenye uzani wa juu kabisa mpaka mitindo itulie.

Joto la pwani yetu kuanzia Novemba mpaka Machi lina unyevu, jasho haliwahi kukauka, na mwenye kiu anapoteza umakini pale pale anapouhitaji. Mwezi wa Ramadhani siku ya kasi iende baada ya futari, ukishakunywa maji ya kutosha, na si saa kumi na moja jioni kabla ya magharibi.

Kuna jambo moja sijaona likizungumzwa vijiweni nalo linanikera, kwa sababu liko kwenye kila duka la dawa. Ciprofloxacin, ile tunayoiita sipro, watu wanainunua bila cheti kwa homa ya matumbo au kwa maumivu ya mkojo. Ni dawa nzuri kwa ugonjwa wake. Lakini dawa za kundi lake zinaongeza uwezekano wa kano kuvimba na kukatika, hasa ile ya kisigino, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo hilo liandikwe kwa uzito wa juu kabisa kwenye karatasi ya dawa. Hatari inakuwa kubwa zaidi kwa aliyezidi miaka 60 na kwa anayetumia dawa za steroidi kama prednisolone, na inaweza kujitokeza hata baada ya dozi kuisha. Ukiwa kwenye sipro, weka kando uzani mzito na kasi yote, mwambie daktari kwamba wewe ni mtu wa chuma, na kano ikianza kuuma rudi kwake haraka.

Na kuna maumivu ya kwenda nayo hospitali siku hiyohiyo. Ukisikia mlio wa kukatika kwenye kiwiko, goti au kisigino, msuli ukapanda na kuacha shimo, hiyo si ya kukandwa kwa maji moto. Kano ya baisepsi iliyong'oka kwenye kiwiko hushonwa vizuri zaidi ndani ya wiki mbili tatu za mwanzo, baadaye inakuwa imejivuta na kujishikiza kwingine. Mkojo ukiwa wa rangi ya kahawia kama soda ya Coca-Cola baada ya mazoezi makali, figo ziko hatarini kwa sababu ya msuli ulioharibika. Na mgongo ukiuma pamoja na ganzi sehemu za siri na za kukalia, au ukashindwa kukojoa, usisubiri kuche. Mwamshe mtu mwenye bodaboda au gari, uende usiku huohuo.